Jina la Kwanza Baada ya Bomba

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
12 Machi 1984

Mpenzi Anselmi,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na jasho la Kariakoo, maana zikifika huko Leeds zitakuwa zimeshaganda. Mimi sijambo. Mjomba Severine naye hajambo, na duka lake la ushirika lipo palepale, rafu safi kabisa kwa kuwa hakuna cha kuweka juu yake. Juzi kina mama walipanga foleni tangu alfajiri kwa fununu tu ya sabuni. Sabuni haikuja. Mjomba, kama mwenyekiti wa duka, akapanda juu ya kreti kuwaeleza, wakamzomea mpaka akashuka.

Mama ameandika kutoka Kibosho. Lile blanketi mlilompelekea na mshenga wako Wilbert bado ndiyo habari ya kijiji. Anajifunika usiku, mchana analianika uani pale wapita njia wanapoliona. Kwa hiyo mimi ni mchumba wa mtu kweli, hata nikikataa blanketi litanisuta.

Sasa kazi. Tangu uondoke, kile chumba cha kompyuta pale Shirika la Ugavi nimeachiwa mimi na kijana mpya wa kutoka Ilala, Sadalla. Ana mikono myepesi kwenye vitufe na akifanya kazi huimba taarabu kwa sauti ya chini, tena haibi sauti ya mtu, anaimba vizuri kweli. Mkurugenzi Bakili ameniambia waziwazi: mwisho wa Juni ama nathibitishwa kazini, ama narudi kule kwenye mataipureta nilikotoka. Hajawahi kuona mwanamke anaendesha mashine hii, na nadhani bado anasubiri niivunje.

Shida yangu ni hii. Kila mwezi nikigawa sukari, unga na sabuni kwa maduka ya ushirika, inabidi niandike programu upya kwa kila duka. Kariakoo yake, Ilala yake, Kivukoni yake. Nataka programu moja tu, halafu niitajie majina ya maduka, ifanye yenyewe. Wewe ndiye unasomea mambo haya. Nisaidie.

Halafu Wilbert kaniambia kuna nesi wa Bukoba hapo Leeds, Josepha, anayekupikia ndizi kila Jumapili. Nauliza tu, ndizi hizo anaziunga na nini?

Wako,
Winifrida

*

Leeds, Uingereza.
1 Aprili 1984

Winifrida wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye basi, nikaisoma tena darasani, na jioni nikaisoma kwa mara nyingine nikiwa nimechukia. Josepha ni dada. Anapikia Watanzania wote wa hapa, tupo wengi mezani, na mmoja wetu ni padri. Umeridhika?

Sasa na mimi niulize. Sadalla ni nani? Mikono yake umeiona, sauti yake umeisikia, na katika barua nzima umemtaja kuliko ulivyomtaja mama yako. Nilipoondoka kile chumba kilikuwa na viti viwili, changu na chako. Nikikumbuka ukubwa wa chumba kile sipati usingizi. Kiti changu kiko karibu mno na chako kukaliwa na mtu anayeimba.

Kuhusu kazi, unachotaka kinawezekana, na nitakufundisha mimi mwenyewe. Ndani ya mashine yupo mkalimani, jina lake ni sh. Wewe unaandika amri, yeye anaisomea mashine. Unaweza kumpa programu kwa kumtajia jina la faili, akalifungua mwenyewe na kulisoma. Au unaweza kummiminia programu kwa ule mstari wa wima, ambao hapa wanauita bomba. Kilichoko kushoto kwa mstari kinapita bombani na kumfikia yeye kulia. Njia ya bomba ndiyo itakayokufaa, kwa sababu unayo mafaili mawili: viwango vya mwezi, vinavyobadilika, na mgao wenyewe, usiobadilika. Unayaunganisha, unayamimina pamoja. Baada ya jina la mkalimani unaandika majina ya maduka, naye anayashika moja moja: la kwanza, la pili, la tatu.

Programu nitaiandika mimi. Msianze kitu mpaka niitume. Huyo Sadalla mwambie chumba kile kina mwenyewe, yuko masomoni.

Wako, na usisahau kuwa ni wako,
Anselmi

*

Kariakoo.
16 Aprili 1984

Anselmi mwenye wivu,

Nimecheka mpaka mjomba akaja mlangoni kuuliza kulikoni. Kwa hiyo padri yumo! Basi Josepha ameponea kwa padri. Lakini hujajibu ndizi anaziunga na nini.

Sadalla ni mtu mzuri, nifanyeje, nikudanganye ni mbaya? Ijumaa kaniletea samaki wa kukaanga wa kutoka soko la Feri, bakuli limefunikwa vizuri na kitambaa juu. Nguru, bado wa moto. Tumekula palepale chumbani mlango umefungwa ili vumbi lisiingie kwenye mashine. Akasema, "Da Wini, wewe unakula kidogo kama mgeni." Nikakumbuka wewe hujawahi kuniletea hata karanga.

Maelezo yako ya mkalimani na bomba tumeyasoma pamoja na tumeyaelewa. Sadalla hakuweza kungoja, ameshaandika jaribio lake la duka moja, na karatasi zinatoka zimenyooka vizuri. Usipofanya haraka atamaliza kazi yako kabla hujaweka nukta.

Na tafadhali fanya haraka kweli, hapo sikutanii. Mfungo wa Ramadhani unaanza mwishoni mwa Mei na Mkurugenzi anataka sukari ya Ilala na Kivukoni igawiwe kwa mashine kabla mwezi haujaandama. Nikiweza hilo, nimethibitishwa. Nikishindwa, nimerudi kwenye taipureta.

Wako,
Winifrida

*

Leeds.
2 Mei 1984

Winifrida,

Programu hii hapa, kwenye karatasi ya pili. Nimeiandika kwa mwandiko mkubwa, tofauti ya nukta na mkato ionekane. Ihifadhi kwa jina la mgao. Vile viwango vya mwezi vihifadhi kwa jina la viwango. Kisha andika amri hii kama ilivyo, neno cat ndilo linaloyaunganisha mafaili mawili:

cat viwango mgao | sh kariakoo ilala kivukoni

Usiongeze, usipunguze. Kama mashine itagoma, msiguse kitu. Simtaki Sadalla aanze kutengeneza kazi yangu kwa vidole vyake vyepesi. Niandikie mimi, hata kwa simu ya maandishi ya posta, nami nitakujibu siku hiyohiyo. Mtu wa kumuuliza ni mimi.

Samaki ulimla wote? Mlango ulifungwa kwa muda gani? Wavuvi wa Feri wanaweka vitambaa juu ya bakuli siku hizi? Mimi huku nimekaa na kitabu cha mkalimani wa mashine, nakisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa nakuona wewe unachomoa mwiba wa nguru na mtu anakuangalia. Sioni aibu kukwambia. Inaniuma.

Anselmi

*

Kariakoo.
31 Mei 1984

Anselmi,

Nimesimamishwa kazi.

Barua yako ilifika Jumatano iliyopita. Tukaingiza programu yako herufi kwa herufi, Sadalla anasoma mimi napiga, kisha tukabadilishana kukagua. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mgao. Lori la bohari lilikuwa limeshafika nje, dereva anapiga honi Mtaa mzima wa Msimbazi unasikia, na Mkurugenzi amesimama nyuma yangu na wageni wawili wa wizarani. Nikaandika amri yako. Nikabonyeza.

Mashine haikugoma. Ikachapa. Nilikuwa nategemea hati tatu, za maduka matatu, na zikatoka hati tatu. Mkurugenzi akapiga makofi. Nikasaini, dereva akazinyakua, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Hati zote tatu zilikuwa za Kariakoo. Moja ya sukari, moja ya unga, moja ya sabuni, mzigo wote wa bohari kwa duka la mjomba wangu! Kesho wanasubiri mwezi uandame, na Ilala hakuna punje ya sukari ya uji, Kivukoni hakuna. Kina mama wa Ilala wamekuja na vyombo vyao mpaka kwenye ngazi za ofisi. Mmoja akauliza nani kaandika, wakaninyooshea kidole. Akasema, "Mchaga kampelekea Mchaga mwenzake."

Wewe uko mbali, hujui neno mhujumu uchumi lilivyo huku tangu mwaka jana. Mgambo wamefunga duka kwa minyororo. Mjomba Severine amelala kituoni, na alichofanya ni kupokea mzigo wenye hati na saini. Saini yangu. Hataki kuniangalia, si kwa hasira, anaona haya mbele ya majirani. Mkurugenzi amenipa hadi katikati ya Julai kujieleza. Nisipojieleza hawatanirudisha kwenye taipureta, watanipeleka mahakamani.

Tulifanya kama ulivyoagiza, neno kwa neno. Niambie tumekosea wapi. Nakuomba, mwandikie Mkurugenzi umweleze programu ile inafanya nini. Wewe anakuamini.

Winifrida

*

Ilala, Dar es Salaam.
3 Juni 1984

Ndugu Anselmi,

Asalaam aleikum. Hatufahamiani kwa sura ila kwa kazi, nami nakuandikia bila Da Winifrida kujua. Ninapoandika nimefunga, kwa hiyo sina nguvu ya maneno mengi wala sina sababu ya kusema uongo.

Kosa limeonekana, na aliyeliona ni yeye, akiwa nyumbani kwao, maana mashine haruhusiwi kuiona. Amekaa jikoni kwa mjomba wake akiifikiria ile amri. Alichofikiri anamwambia mke wangu Sitara, Sitara ananiletea Ilala, asubuhi mimi najaribu ofisini, jioni Sitara anarudi Kariakoo na jibu. Mke wangu ni mjamzito wa miezi mingi na jua ni kali, lakini hakubali nimtume mtu mwingine. Anasema Da Wini amekula samaki wake, ni ndugu.

Alisema hivi: jaribu amri ileile, lakini mahali pa Kariakoo weka jina ambalo halipo kabisa kwenye mashine. Nikaweka jina la marehemu bibi yangu. Mashine ikajibu kwamba haiwezi kulifungua. Hapo akaelewa. Mkalimani akishaona jina baada yake, anadhani hilo ni faili la kusoma. Haangalii tena kinachotoka kwenye bomba, yote yaliyomiminwa anayaacha. Na mimi, ndugu yangu, kwenye mashine nilikuwa na faili langu la majaribio, nimeliita kariakoo. Lilikuwa linapeleka mzigo wote kwa duka moja ili nione tu karatasi zinavyotoka. Mkalimani akalisoma hilo. Programu yako haikuguswa hata mstari mmoja.

Tukapekua kitabu cha mashine tukakuta dawa. Ilitakiwa kistari na herufi s, mara baada ya jina la mkalimani:

cat viwango mgao | sh -s kariakoo ilala kivukoni

Alama hiyo inamwambia asome kilichomo bombani, na majina yanayofuata ayashike tu kama majina. Nimejaribu kwa karatasi chakavu. Imetoa hati ya Kariakoo, ya Ilala, ya Kivukoni, kila moja na kiwango chake. Programu yako ni nzuri sana.

Nimekwenda kwa Mkurugenzi nikamwambia faili ni langu, anisimamishe mimi. Anasema faili lilikuwa limelala, aliyeliamsha ni amri, na amri imeandikwa na Winifrida. Maneno yetu sisi wawili hayaamini. Anasema wewe ndiye mtaalamu, useme wewe. Sijui kama alama ile uliisahau, au huko mashine zenu haziihitaji. Lolote lililopo, liandike kwa Mkurugenzi, upesi.

Ndugu yako,
Sadalla

*

Leeds.
20 Juni 1984

Winifrida wangu,

Sijala tangu barua yako ifike, na ya Sadalla imefuata siku mbili baadaye. Nimemwandikia Mkurugenzi leo hii na nakala yake nimeiweka humu ndani uione. Utarudi kazini. Mjomba atatoka, kama hajatoka bado. Yote yataisha, na Desemba tutakuwa Kibosho kwenye harusi yetu, pombe ya mbege imepikwa, tunacheka.

Lakini niseme. Nani alimruhusu huyu bwana kuweka mafaili yake ovyo, tena kwa majina ya maduka? Bila faili lake kusingetokea kitu! Ilitakiwa mashine ikatae tu lile jina la kwanza, itoe neno moja kwenye kioo na kunyamaza, mpaka mniandikie. Hakuna ambaye angeumia. Sukari ingechelewa kidogo, basi. Yeye ndiye aliyeharibu.

Na sasa nasikia ana mke. Mbona hukuniambia? Miezi yote hii unanieleza samaki, nyimbo, mikono, na mke humtaji. Mtu anaficha kitu kwa sababu. Tena mke si kufuli. Nimewaona wenye wake. Umefukuzwa kwenye mashine na bado mnapelekeana ujumbe asubuhi na jioni, mimi nakuja kujua mwisho, kutoka kwake yeye. Mliifumbua ile alama bila mimi. Hukuona haja hata ya kuningoja.

Nakupenda kuliko unavyojua. Ndiyo maana naumwa.

Anselmi

*

(Nakala)

Leeds, Uingereza.
20 Juni 1984

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: HITILAFU YA MGAO WA MWEZI MEI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nathibitisha kwamba amri iliyotumika tarehe 28 Mei niliiandika mimi, na kwamba kutokana na wingi wa masomo nilisahau kuweka alama moja. Ndugu Winifrida aliifuata kama nilivyoagiza na hana kosa.

Hata hivyo napenda kueleza kuwa hitilafu isingekuwa na madhara kama Ndugu Sadalla asingeweka faili la majaribio kinyume cha utaratibu. Mtumishi asiye mwangalifu hafai kukaa karibu na mashine hiyo. Napendekeza ahamishiwe tawi la Lindi, ambako hakuna kompyuta.

Nikirejea mwezi Septemba nitakuwa tayari kukiongoza chumba hicho kama tulivyokubaliana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Anselmi

*

Kariakoo.
13 Julai 1984

Anselmi,

Barua zako zote mbili zilifika siku moja, ya kwangu na ya Mkurugenzi. Mjomba alishatoka, waliona hana kitu cha kujibu. Duka limefunguliwa. Alipofika nyumbani alioga, akala, akaniuliza kama nimekula.

Mkurugenzi aliniita asubuhi yake. Alikuwa na barua yako mkononi na uso wa mtu anayetaka kuomba radhi ila hajui zinaombwaje kwa msichana wa kwenye mataipureta. Akasema nirudi kwenye mashine. Hapohapo akaandika hati ya uhamisho wa Sadalla kwenda Lindi, kuanzia mwisho wa mwezi. Sitara anajifungua wakati wowote. Mama yake mzazi yuko Ilala, Lindi hawana hata mtu wa kuwapa maji.

Nilirudi nyumbani nikasoma barua yako ya kwangu. Niliisoma mara ya kwanza haraka, nikitafuta mahali uliposema pole. Hapakuwepo. Nikaisoma taratibu.

Ilitakiwa mashine ikatae, umeandika. Ilitakiwa na nani, Anselmi? Mtu aliyesahau alama hajui mashine itafanya nini. Wewe ulijua. Ulijua mpaka neno litakalotoka kwenye kioo, na ulijua baada ya neno hilo nitafanya nini: nitachukua kalamu nikuandikie wewe. Ndiyo maana ya ile "ikigoma msiguse kitu." Ulitaka tukwame mbele ya Mkurugenzi na wageni wake, wakati kazi yangu inapimwa, ili Sadalla aonekane hajui na mimi nionekane siwezi bila wewe. Sukari ingechelewa kidogo, basi! Wewe umekula ndizi zako, nani wa Ilala alikuomba umcheleweshee sukari?

Nilikaa na barua ile siku nzima. Nikiificha, Mkurugenzi ataendelea kuamini kuwa ulisahau, utarudi Septemba, utakaa kwenye kiti chako. Nitaolewa na mtu mwenye cheo. Nilitaka kuificha, usidhani sikutaka. Nilishaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Jioni Sitara alikuja. Hakujua kama najua habari ya Lindi. Alikuja na bakuli lilelile na kitambaa chake kilekile, siku zilikuwa zimepita chache tu tangu Idd na kulikuwa na vijaluba vya halua vimebaki. Akakaa pale kwenye mkeka, miguu imemvimba. Akaniuliza Lindi hospitali iko karibu na mjini au mbali. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta sahani.

Asubuhi nilimpelekea Mkurugenzi barua yako ya tarehe 20 Juni, yote, pamoja na maneno ya mapenzi yaliyomo. Nilimwonyesha mstari wenyewe kwa kidole. Akasoma. Kisha akachukua hati ya Lindi akaichana. Aliuliza kama nina hakika nataka barua ile iingie kwenye jalada lako. Nikasema ndiyo. Ulimpeleka Sadalla Lindi kwa barua, mimi nimemrudisha kwa barua. Utakayoambiwa kuhusu Septemba utaambiwa na ofisi, si mimi.

Na mimi nina langu. Sitara nilikuficha kwa makusudi. Samaki alimpika yeye, na siku ile mlango ulipofungwa alikuwa ndani pamoja nasi, amekaa kwenye kiti chako. Nilimtoa kwenye barua kwa sababu ya Josepha na ndizi zake. Nilitaka uumwe kidogo, kama nilivyoumwa mimi kila Jumapili. Kwa hilo niwie radhi. Wivu wangu ulikuwa wa kipuuzi, lakini ulikuwa wivu wa mtu anayekupenda. Wako niliudhani ni kwa ajili ya Sadalla. Sasa nimesoma ule mstari wa mwisho, kwamba tulifumbua alama bila kukungoja, nimeona kinachokuuma. Unanionea wivu mimi, kwa kuwa naweza bila wewe.

Jana tumefanya mgao wa Julai. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu tena, safari hii hakuleta mgeni. Niliweka kistari na s, nikaandika majina matatu, nikasoma kila hati mpaka mwisho kabla sijashika kalamu, na dereva alipiga honi mpaka akachoka. Kariakoo imepata yake, Ilala imepata yake, Kivukoni imepata yake. Programu ni yako na nimeacha jina lako juu yake, kwa kuwa uliiandika vizuri. Alama nimeiandika kwa chaki ukutani, juu ya mashine, kila anayeingia aione.

Nimethibitishwa. Sitara amepata mtoto wa kike alfajiri ya leo.

Wilbert alipita hapa Jumapili kuuliza habari ya Desemba, mbege ianze kuandaliwa lini. Mjomba alimkaribisha chai, akamwacha anywe amalize, kisha akamwambia aende Kibosho akaonane na mama. Mama ameshajua, nilimwandikia kabla sijakuandikia wewe. Hakuniuliza maswali mengi. Blanketi amelifua na kulianika uani siku mbili, na sasa amelikunja, linamsubiri Wilbert.

Msalimie Josepha.

Winifrida